Kamera ya mwaka 2008 na midoli ya kitenge: lini nibadilishe?

Kazi yangu hapa Dodoma ni kupiga picha za midoli ya vitambaa. Ni midoli inayoshonwa na kina mama wa mtaa wa Kikuyu hapa mjini, wa Chamwino na wa kule Mpwapwa, mingi ya kitenge, michache ikivalishwa kaniki na ushanga wa Kigogo shingoni. Mdoli mmoja huwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Kamera yangu ni Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008, na lenzi ninayoitegemea ni Micro-Nikkor ya milimita 60, f/2.8D, lenzi ya kupigia vitu vya karibu.

Wenye kamera za umri huo wananiuliza swali moja: nibadilishe? Kwa mpiga picha wa harusi au wa mpira jibu langu ni fupi: badilisha, tena mapema. Kwa midoli jibu linakuwa refu. Mdoli hautembei, haupepesi macho, hauchoki. Sehemu kubwa ya maboresho yanayotangazwa kwenye kamera mpya yamebuniwa kwa ajili ya vitu vinavyotembea au kwa ajili ya giza, na mbele ya mdoli wetu hatuna tatizo hilo wala lile.

Kinachoharibu picha nyingi za midoli ni macho. Mwaka huu mama mmoja mshonaji aliniletea picha iliyopigwa na mpwa wake kwa kamera mpya kabisa. Akanionyesha kwenye simu: "Dada, mbona huyu mtoto jicho moja linaona, jingine lina ukungu?" Mdoli ulikuwa umegeuza uso kidogo. Jicho la kulia, shanga nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mweupe, lilikuwa kali kiasi cha kuhesabu nyuzi. Jicho la kushoto lilikuwa nyuma kwa sentimita moja tu, na likawa limeyeyuka. Nikamwambia, "Mama, kamera haina kosa, ni umbali."

Ukiwa karibu na kitu kidogo, eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba mno. Kwa sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ya ukubwa wa D90, ukiujaza mdoli mzima wa sentimita 30 kwenye fremu iliyosimama, kwa f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) unapata kama sentimita 5 za ukali kutoka mbele hadi nyuma. Hapo hakuna shida. Sasa sogea ujaze uso peke yake, sentimita 6 za kitambaa. Kwa f/8 ileile unabaki na karibu milimita 3. Kwa f/2.8 unabaki na milimita moja, yaani jicho ni kali lakini pua iliyotunishwa kwa pamba haimo. Ndiyo maana uso wa mdoli naupiga kwa f/11 hadi f/16, kamera ikiwa kwenye stendi, na naugeuza hadi macho yote mawili yawe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Hakuna kamera ya mwaka wowote itakayokufanyia hilo la kugeuza.

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapopotosha watu. Ukiuliza kuhusu kubadilisha kamera, utaambiwa nunua yenye sensa kubwa, "full frame" kama wanavyoiita. Kwa fremu ileile na f ileile, sensa kubwa inakupunguzia eneo la ukali kwa robo hadi theluthi. Mpiga picha wa bibi harusi anaupenda ukungu huo wa nyuma. Sisi tunapambana nao kila siku. Itabidi ufunge tundu la lenzi zaidi ili urudi ulipokuwa, na umelipa fedha nyingi kufika palepale.

Megapikseli nazo ni hivyohivyo. D90 ina 12.3, picha yake ni pikseli 4288 kwa 2848. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya karibu sentimita 36 kwa 24, na hiyo imeizidi A4. Instagram hupunguza picha hadi upana wa pikseli 1080 hivi, WhatsApp nayo huibana. Isitoshe, mwanga ukipita kwenye tundu dogo husambaa. Kwa f/16 nukta moja ya mwanga huangukia kwenye sensa ikiwa na upana wa takriban maikromita 21 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati pikseli moja ya D90 ina maikromita 5.5, na ya kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ya ukubwa huo ina karibu 3.9. Kwa hiyo kwenye f tunazolazimika kuzitumia, pikseli za ziada zinagawana ukungu uleule. Megapikseli nyingi zina maana ikiwa unatengeneza mabango, au ikiwa unakata kipande kidogo cha picha. Wengi wetu hatufanyi hivyo.

Kuhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, sitakaa sana. Mdoli unasubiri. Weka ISO 200, kamera kwenye stendi, acha shata, yaani pazia la mbele ya sensa, iwe wazi hata sekunde nzima. D90 ina mpangilio wa kuchelewesha shata kwa kama sekunde moja baada ya kioo cha ndani kunyanyuka, ili mtikisiko utulie kwanza. Uwashe, na utaona nyuzi za kitenge zinavyojitokeza.

Sasa tuje kwenye uzee wenyewe, maana upo wa kweli na upo wa kusingiziwa. Wa kusingiziwa unaongozwa na vumbi. Anayeishi hapa anajua mambo ya kiangazi: mvua zikishaondoka, upepo unainua udongo mwekundu mpaka sebuleni. Kila ukibadilisha lenzi, chembe zinaingia na kukaa mbele ya sensa. Kwa f/4 huzioni. Kwa f/16 juu ya karatasi nyeupe zinakuwa madoa ya kijivu, na mtu anasema sensa imekufa. Piga karatasi nyeupe kwa f/22 huku fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi. Madoa yakikaa mahali palepale katika kila picha, hilo ni vumbi. Pampu ya mpira ya kupulizia huondoa mengi, na yanayogoma mpelekee fundi anayesafisha sensa kwa vijiti maalumu. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Zile nukta nyekundu au nyeupe zinazojitokeza shata ikikaa wazi muda mrefu ni habari nyingine: hizo ni pikseli zenye joto, na kamera ina mpangilio wa kuzifuta. Inapiga picha ya pili gizani kwa muda uleule, kisha inatoa tofauti. Kila picha inachukua karibu muda mara mbili.

Uzee wa kweli unapimwa kwenye shata na betri. Nikon waliijaribu shata ya D90 kwa mipigo 100,000. Hicho ni kipimo cha kiwandani. Zipo zinazovuka na zipo zinazokufa kabla. Idadi ya mipigo yako imeandikwa ndani ya kila picha, na programu ya bure iitwayo ExifTool inaisoma. Midoli haitafuni shata kama harusi, kwa hiyo kamera iliyokaa kwa mpiga picha wa midoli inaweza kuwa ya zamani kwa tarehe na bado changa kwa kazi. Betri nayo iulize kwenye menyu: D90 inaonyesha umri wake kuanzia 0 hadi 4, na ikifika 4 imemaliza. Hapo nunua betri, usinunue kamera. Tahadhari nyingine ni kadi. D90 inasoma SD za hadi GB 32, na maduka yanazidi kujaa kadi za 64 kwenda juu. Ukiziona za 32 halisi, weka akiba.

Kabla ya kugusa akiba ya bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, tazama mwanga. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na karibu na mwanzo wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa. Macho ya mdoli yanazama kivulini na kofia inageuka kisahani cheusi. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au ndani, dirishani, kwa pazia jeupe na karatasi ya manila upande wa pili kurudisha mwanga. Ukitumia taa za LED, soma kwenye boksi kipimo cha CRI, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi, na utafute 90 au zaidi. Chini ya taa ya CRI ndogo kitenge chekundu hugeuka rangi ya udongo, na mteja akipokea mzigo wake atadhani ametumiwa mwingine.

Kaniki ina fundisho lake. Kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo mdoli mweusi uliojaa fremu hutoka umepauka, kaniki ikawa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Uweke mdoli huohuo, sasa ukiwa mdogo, katikati ya ukuta mweupe, uso unazama. Kwenye hali ya kwanza shusha mwanga kwa hatua moja, kwenye ya pili pandisha. Kamera mpya hubahatisha vizuri zaidi, lakini inabahatisha. Ngozi ya mdoli mweusi inastahili kuonekana jinsi mshonaji alivyoichagua, na hilo ni jukumu la anayeshika kamera.

Basi kuna kitu D90 inaninyima? Viko viwili, na ni vizito.

Cha kwanza ni skrini isiyokunjuka. Ili mdoli uonekane kama mtu na usionekane kama kitu kilichoachwa sakafuni, lenzi lazima ishuke usawa wa macho yake, kama sentimita 25 kutoka chini. Ndani ninaweka mdoli mezani, mambo yanaisha. Nje, kwenye miamba ya Mlima Simba au chini ya mibuyu, nalala kifudifudi juu ya mchanga wa moto na shingo imepinda, na mtu aliye kwenye hali hiyo hufanya haraka. Haraka inaonekana kwenye picha: upeo umeinama, ushanga umekaa upande, uzi umening'inia kwenye pindo bila kuonekana. Skrini inayokunjuka inaniwezesha kukaa, kutazama na kurekebisha. Hili ndilo boresho pekee la miaka hii ambalo naliona moja kwa moja kwenye ubora wa kazi.

Cha pili ni video. Wateja sasa wanataka kuona mdoli ukizungushwa, nywele za sufu zikicheza. D90 ilikuwa kamera ya kwanza ya aina yake kurekodi video, na inaonyesha: 720p, kipande kisichozidi dakika 5, sauti ya upande mmoja, na ukishaanza kurekodi fokasi unaizungusha mwenyewe. Kwa mwaka 2008 yalikuwa maajabu. Leo simu ya kawaida inaishinda.

Ukiamua kubadilisha, anza na lenzi uliyonayo. Lenzi yangu ya 60 haina mota ya fokasi ndani; inazungushwa na mota iliyo kwenye bodi. Bodi za Nikon za daraja la chini, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao, hazina mota hiyo. Hizi mpya zisizo na kioo cha ndani, ambazo wapiga picha wanaziita mirolesi, zinahitaji kiunganishi cha FTZ, na hata nacho lenzi za AF-D, kama hii yangu, hazijifokasi zenyewe. Kwa picha tuli sioni hasara kubwa, kwa sababu uso wa mdoli naufokasi kwa mkono, picha ikiwa imekuzwa kwenye skrini. Ila kununua mirolesi, kiunganishi, na baadaye lenzi mpya ya kupigia karibu, ni kununua duka zima kwa ajili ya kupata skrini inayokunjuka.

Hesabu hiyo ndiyo imenipeleka kwenye D7500 ya mtumba. Ilitoka mwaka 2017, ina megapikseli 20.9, sensa ya ukubwa uleule, mota ya lenzi ndani, skrini inayokunjuka, video ya 4K, na inaziamuru flashi zangu kwa mbali kama D90 inavyofanya. Betri ni tofauti. Nitaifuata Dar es Salaam kwa treni ya mwendokasi, na lenzi ya 60 nitaibeba, kwani kamera ya mtumba haipimwi kwa lenzi ya muuzaji. Nitaifunga, nifokasi kitu kidogo mara kadhaa kwa mota, nipige karatasi nyeupe kwa f/22, nikunjue na kufunga skrini huku nikiangalia kama inazima, kisha niisome picha kwa ExifTool palepale kabla ya kutoa fedha.

D90 haiuzwi. Lenzi ya 18-105 itabaki humo kwa picha za mezani za midoli mizima, na ile ya 60 itahamia D7500 moja kwa moja, ili nikiwa nje kwenye upepo wa Julai nisiwe na sababu ya kufungua bodi yoyote.