Nusu saa ya uwanjani: kumtuliza mtoto kabla hajapandisha hasira

Mtoto wa chekechea anarudi nyumbani saa nane au saa tisa mchana. Ameshakaa darasani, amebanwa kwenye gari la shule, na akifika anakalishwa mbele ya katuni ili dada apate nafasi ya kupika. Ikikaribia saa moja usiku mambo yanaanza: anasusa chakula kwa sababu uji umetiwa kwenye kikombe kisicho chake, anampiga mdogo wake, anajigaragaza sakafuni. Hapo watu husema mtoto ana kisirani. Mara nyingi ni mwili tu uliobeba msukosuko wa kutwa nzima na haukupewa pa kuutua.

Wazazi wengi wa Moshi wanajua kuwa nje kunatuliza. Kasoro iko kwenye saa wanayoichagua. Mtoto akishapandisha hasira ndipo anaambiwa "hebu toka nje huko!", na mlango unafungwa. Akifanyiwa hivyo mara nne au tano, atauhesabu uwanja kuwa mahali pa kufukuziwa, na siku mkimwita kwa wema hatataka. Nje hufanya kazi ikiwa ni dozi ndogo ya kila siku, tena kabla hajapandisha. Dakika 30 kila siku zina faida kuliko Jumamosi moja nzima ya matembezi.

Kinachotuliza ni nini hasa? Kwanza ni misuli: mtoto akikimbia, akibeba na akipanda, mwili unatumia ile hali ya tahadhari uliyojiwekea. Pili ni pumzi, tutaigusa hapa chini. Tatu ni macho na akili. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1989 kwamba umakini wa kujilazimisha, ule wa kuhesabu na kuandika, huchoka, na kwamba vitu vya asili kama majani yanayocheza na upepo huvuta macho bila kuyachosha, ndipo umakini ule wa kwanza unapopumzika. Mwaka 2009 Andrea Faber Taylor na Frances Kuo waliwatembeza watoto 17 wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini kwa dakika 20. Baada ya kutembea kwenye bustani walizingatia vizuri kuliko baada ya kutembea mitaani. Ni utafiti mdogo, lakini unaendana na kinachoonekana majumbani.

Kwa hapa kwetu saa nzuri ni kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na moja na nusu. Saa sita hadi saa tisa jua ni kali mno. Mtoto atarudi amechoka na ana kiu, na mtadhani nje ndiko kumemharibu. Baada ya saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, na mbu wa malaria nao. Mpeni kwanza kitu cha kula, ndizi mbivu moja au kikombe cha uji, na maji ya kunywa. Mtoto mwenye njaa hatulizwi na mti wowote.

Ukitaka kuanza na kitu kimoja tu, anza na mapovu ya bua la papai. Wengi wetu tuliyapuliza utotoni bila kujua kuwa lile ni zoezi la pumzi. Chukua kikombe kimoja cha maji, robo lita hivi, tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kijiko kimoja cha chai cha sukari ili povu lisipasuke haraka. Koroga polepole, kisha acha dakika kumi. Kata bua la jani lililokomaa, lile lililoanza kugeuka njano, kwa sababu bua bichi lina utomvu mwingi unaowasha midomo na macho. Likate urefu wa shibiri moja, liwe wazi pande zote mbili, lisuuze kwa maji mpaka utomvu ukome. Halafu toboa kitundu kidogo kwa sindano, vidole viwili kutoka upande wa mdomo: mtoto akisahau akavuta badala ya kupuliza, hewa itaingia hapo na sabuni haitapanda. Mwenye miaka mitatu ajaribu kwanza kwenye maji matupu. Kila mtoto awe na bua lake, maana mafua hayachelewi.

Sasa mtazame. Akipuliza kwa nguvu, povu linapasuka kabla halijaiva. Akipuliza taratibu na kwa muda mrefu, linakua, linaning'inia, linaondoka na upepo. Bua lenyewe linamfundisha kutoa pumzi ndefu, na pumzi inayotoka polepole hupunguza mapigo ya moyo. Ukimwambia mtoto wa miaka minne "vuta pumzi, tulia", utaambulia kununiwa. Baada ya pumzi nane hadi kumi apumzike kidogo, la sivyo atapata kizunguzungu.

Kazi nzito kiasi nayo inatuliza, pengine kuliko mchezo. Mpe kidumu cha maji amwagilie mchicha au miche ya migomba, uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mtoto wa kilo 20 abebe lita mbili. Safari sita au saba kutoka bombani hadi kwenye tuta zinatosha. Kosa la kawaida hapa ni kumpa kidumu kisichofungika vizuri, maji yakamwagikia miguuni, mkubwa akafoka, na kazi ikaisha kwa machozi. Jaza nusu, funika, muache amwage mwenyewe hata kama anamwaga pembeni.

Kwa mtoto asiyependa kukimbia, tumia mikono. Mfumbe macho, mpe jani la mgomba, la kahawa na la sale (ule mmea wa mipakani na uzioni), moja moja, ataje ni lipi. La kahawa lina utelezi na kingo zenye mawimbi, la mgomba linachanika kwa mistari, la sale ni jembamba na refu. Mchezo huu hauzidi dakika tano, lakini humvuta kabisa hata mtoto mwenye mapepe.

Mkubwa afanye nini? Akae karibu na aseme kidogo. "Usiguse, utachafuka, njoo huku, shuka hapo" ni kelele nyingine juu ya zile za darasani. Weka sheria mbili tu, kwa mfano asivuke uzio na asiende mfereji ulipo. Simu ibaki ndani. Na ukitaka kumrudisha, mpe taarifa mapema: "Bado safari mbili za maji, halafu tunanawa." Kumkatisha ghafla kunafuta kila kitu alichopata.

Wanaokaa vyumba vya kupanga, mitaa ya mjini kama Majengo au Pasua, watasema hawana kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kweli, na kutembea barabarani kati ya bodaboda hakutulizi mtu. Lakini kivuli cha mwarobaini mmoja na ndoo tatu zenye udongo na miche vinatosha kwa siku za kazi. Wikendi mnaweza kwenda msitu wa Rau, karibu na mjini, mkawatafuta mbega weusi kwa weupe juu ya miti. Huko shikaneni mikono, vaeni viatu vya kufunika miguu, na mkiona siafu pigeni hatua za haraka.

Viatu ni muhimu hata uwanjani, kwa sababu ya funza, minyoo inayopenya kwenye ngozi, na vigae. Mbwa akimng'ata, oshea kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Mtoto mwenye ualbino atoke jioni tu, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Mwenye usonji anaweza kuvutwa sana na maji. Asiachwe karibu na mfereji hata dakika moja.

Baridi ya Juni na Julai isiwatishe. Nimonia huletwa na vijidudu, na kumfungia mtoto kwenye jiko lenye moshi wa kuni kuna hatari kubwa kuliko nusu saa nje akiwa na sweta na soksi.

Siku atakapopandisha licha ya hayo yote, msimfundishe lolote wakati huo. Ondoeni kinachoweza kumuumiza, mkubwa mmoja achutame karibu naye, asiseme zaidi ya "nipo hapa." Kilio kikipungua ndipo mtoke pamoja, polepole, bila kumuuliza kwa nini alilia.

Mpeni majuma matatu hadi manne. Kama bado halali vizuri, anajiumiza, anaumiza wengine au ameacha kuongea maneno aliyokuwa nayo, mpelekeni kituo cha afya. Na mtoto aliyekuwa anapenda nje, halafu ghafla anakataa kutoka, au anakataa njia fulani au nyumba fulani, msimlazimishe wala msimcheke. Muulizeni mkiwa wawili tu, kwa sauti ya chini, nani au nini kiko huko. Mkihisi kuna mtu anamdhuru, pigeni 116, simu ya huduma kwa watoto, hailipiwi.