Ile asilimia tano haijamaliza kodi yako

"Dada, mimi kodi silipi tena, mbona walishanikata?"

Maneno haya nayasikia kila mwezi Juni kwa wateja ninaowapigia hesabu za kodi. Safari hii aliyeyasema ni kijana anayebuni nembo, mabango na kadi, ana makazi yake Sinza. Alikuja na bahasha ya kaki iliyotuna risiti za bando, vijikaratasi vya nauli za bodaboda alivyoandika mwenyewe kwa kalamu, na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Zile mbili zilikuwa na thamani kuliko bahasha nzima, na yeye ndizo alizokuwa amezisahau chini kabisa.

Zilikuwa hati za kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mteja anaikata kabla ya kukulipa. Ukiifanyia kampuni ya hapa Tanzania kazi ya kitaalamu ya shilingi 2,000,000, unapokea 1,900,000. Ile 100,000 ni asilimia 5 ya ada yako, na kampuni inatakiwa kuiwasilisha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Sasa hapo ndipo watu wanapopotea. Hela ile imetangulizwa tu. Kodi yako halisi inapigwa juu ya faida ya mwaka mzima, halafu kile kilichotangulizwa kinatolewa. Kikibaki kitu, unalipa wewe.

Nikachukua karatasi, tukapiga hesabu pamoja. Tarakimu nimezibadilisha kidogo, mtiririko ni uleule. Mwaka jana aliingiza 24,000,000. Kati ya hizo 14,000,000 zilitoka kampuni tatu za hapa, 7,000,000 kadi za harusi na send-off, na 3,000,000 kwa mteja mmoja wa Ujerumani. Wenye harusi hawamkati mtu asilimia 5, hawafanyi biashara, wanafanya harusi. Mjerumani naye hakukata. Kwa hiyo zuio lilipita kwenye 14,000,000 tu, sawa na 700,000.

Matumizi yaliyokubalika: bando 1,200,000, dawati la kukodi 2,400,000, programu za kazi 900,000, kuchapisha kadi 1,500,000. Kompyuta mpakato ya 2,400,000 alitaka tuitoe yote. Haiendi hivyo. Kompyuta inaingia kwa uchakavu wa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, yaani 900,000 mwaka wa kwanza, kisha 562,500 mwaka wa pili, na kuendelea kushuka. Zile nauli za bodaboda zisizo na risiti niliziweka pembeni. Alinuna, lakini mimi siwezi kumtetea mtu mbele ya afisa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jumla ya matumizi ikawa 6,900,000, faida 17,100,000. Kwa mkaazi mtu binafsi, shilingi 3,240,000 za mwanzo za mwaka hazitozwi. Hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25. Ukifika hapo kodi imeshakuwa 1,536,000. Kinachozidi 12,000,000 ni asilimia 30, na yeye amezidisha 5,100,000, kwa hiyo ongeza 1,530,000. Kodi ya mwaka: 3,066,000.

Alinyamaza. Kichwani mwake alikuwa na ile 700,000 peke yake.

Baadhi ya wateja wangu huniuliza kwa nini wasilipe kama mwenye duka, kwa kiwango cha mauzo. Utaratibu ule upo kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 100, lakini huduma za kitaalamu na za kiufundi zimeondolewa humo. Kwa tafsiri yangu, mbunifu, mwandishi wa programu, mfasiri na mshauri wote wanarudi kwenye hesabu ya faida. Na kwenye hesabu ya faida, anayeumia ni asiyetunza risiti.

Kuhusu Mjerumani, swali lake lilikuwa kama hela ya nje inahesabiwa. Inahesabiwa. Mkaazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, hata kama yameingilia kwenye akaunti ya mtandaoni na hayajagusa benki ya hapa. Unayabadilisha kuwa shilingi kwa kiwango cha siku uliyoyapata, si cha siku uliyoamua kuyatoa.

Kitu kimoja kinawasaidia sana watu wa ankara zinazocheleweshwa, na wachache wanakijua: mtu binafsi mwenye biashara anaweza kupiga hesabu kwa msingi wa fedha taslimu. Ankara ya Novemba iliyolipwa Februari inakuwa mapato ya mwaka wa Februari. Kwa nchi ambayo mteja anaweza kukwambia "wiki ijayo" kwa miezi minne, hiyo si faida ndogo. Ila ukichagua, usirukeruke.

Sasa makadirio. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, ifikapo Machi 31 unatakiwa uwe umewasilisha TRA makadirio ya kodi ya mwaka huo na kulipa robo ya kwanza. Nyingine ni mwisho wa Juni, Septemba na Desemba. Kwa kijana wetu ingekuwa 766,500 kila awamu, na zuio linapunguza humo. Kazi zikikauka katikati ya mwaka, unapeleka marekebisho, ni haki yako. Ukikadiria chini sana makusudi, riba inakufuata. Yeye hakuwa amekadiria chochote, kwa hiyo riba tayari ilikuwa inamsubiri. Tena Juni ni mwezi mbaya: tarehe 30 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka uliopita, na siku hiyohiyo awamu ya pili ya mwaka huu inadaiwa. Mifuko miwili inatobolewa kwa pamoja.

Turudi kwenye zile karatasi. Kampuni zilizomkata ni tatu, hati ni mbili, zenye jumla ya 500,000. Hati ya 200,000 haipo. Bila hati, huwezi kuionyesha TRA kwamba ilikatwa, na pale unakatwa mara mbili kwa kazi moja. Yamenikuta mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kujiajiri, mteja mmoja alinikata kwenye ankara tatu, nikaandika barua pepe miezi mitano, mhasibu akaondoka, aliyekuja akasema faili halioni. Nikalipa mfukoni. Tangu hapo kila ankara yangu ina mstari wa chini: "Tafadhali ambatisha hati ya kodi ya zuio." Na siku hela inapoingia pungufu, siku hiyohiyo napiga simu, mhasibu angali anakumbuka jina langu.

Nilimwambia apige hapohapo. Alitoa simu, akaweka spika mezani, ikaita. Sauti ya upande wa pili ikauliza ankara namba ngapi. Akaanza kuifungua tena ile bahasha.