Ukifungwa kwa mtupo mmoja, usiiguse puti yako wiki nzima

Kikapu cha diski gofu kina mkanda wa bati juu, na diski ikiugonga unatoa mlio mmoja mkavu, kama mfuniko wa sufuria umedondoka sakafuni. Minyororo ina mlio wake mwingine kabisa, chwaaa, huo ukiusikia ujue diski imekaa. Mimi siku ile nikasikia bati. Lilikuwa shimo la 54, la mwisho, siku ya pili ya mashindano ya wikiendi hapa North Carolina ninapoishi, puti ya mita 7 hivi na kaupepo kadogo ka usoni, na pale pale hesabu ikafungwa: mimi mitupo 168, jamaa niliyekuwa nacheza naye 167. Nikampa mkono, nikamwambia hongera na nilimaanisha, halafu nikaenda kukaa kwenye gari bila kuwasha injini kama nusu saa nzima.

Kwa ambao mchezo huu hamjauona, ni gofu lakini unarusha diski za plastiki badala ya kupiga mpira, na mwisho wa kila shimo kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, juu yake minyororo inaning'inia ili iikamate diski. Unahesabu mitupo kuanzia unapoanza mpaka diski ikae kikapuni, mwenye michache ndo mshindi. Puti ni ule mtupo wa karibu na kikapu, wa kumalizia. Chama chake, PDGA, kilianzishwa 1976 na Ed Headrick, huyo huyo aliyebuni kikapu cha minyororo, na mpaka leo mchezo una nguvu zaidi Marekani, pamoja na huko Ufini na Estonia. Mimi ni kocha, na kabla ya hapo nimesomea saikolojia ya michezo, kwa hiyo haya mambo ya kufungwa kwa mtupo mmoja nayaishi kwa pande zote mbili, kwa wachezaji wangu na kwangu mwenyewe.

Kwanza tuelewane kwamba inauma kweli na haiumi kwa sababu wewe ni dhaifu. Mwaka 1982 wanasaikolojia Kahneman na Tversky walichapisha swali moja ambalo huwa nawauliza wachezaji wote wapya: watu wawili wamekwama kwenye foleni wanakimbilia uwanja wa ndege, wote wamefika wamechelewa nusu saa, mmoja akaambiwa ndege yako iliondoka kwa wakati, mwingine akaambiwa yako ilichelewa, imeondoka dakika 5 zilizopita. Nani ataumia zaidi? Karibu wote walioulizwa walisema wa pili, ingawa wote wawili wamekosa ndege sawasawa. Aliyewahi kufika stendi akaliona basi lake linaishia kwenye kona haitaji kuelezwa. Kilichokukosa kwa mbali unakiacha kiende, kilichokukosa kwa karibu kinakaa kichwani kinajirudia, laiti ningefanya hivi, laiti ningefanya vile.

Halafu 1995 watafiti Medvec, Madey na Gilovich wakaangalia sura za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wakakuta waliopata shaba walionekana wana furaha kuliko waliopata fedha. Wa fedha anaangalia juu, dhahabu ilivyomponyoka. Wa shaba anaangalia chini, nusura akose kabisa. Mama yangu yuko Tanga, hajui hata kikapu chenyewe kikoje, nilimpigia jioni ile akaniuliza, "Umekuwa wa ngapi baba?" Nikamwambia wa pili. Akapiga kigelegele kwenye simu. "Wa pili kati ya watu wangapi?" Arobaini na kitu mama. "Haya, sasa mbona sauti imekuwa hivyo?" Sikuwa na la kumjibu, maana yeye alikuwa anawahesabu wale walio nyuma yangu na mimi namuona mmoja tu aliye mbele.

Lakini maumivu sio tatizo kubwa, maumivu yanapita. Tatizo kubwa, na hili ndo nataka mnisikilize, ni kwamba kufungwa kidogo kunakufundisha uongo. Kunakwambia kosa liko pale pale mwisho, kwenye ule mtupo unaoukumbuka. Mimi baada ya ile puti nilifanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, kesho yake nikatoa kikapu cha mazoezi nyuma ya nyumba nikaanza kurusha puti za mita 7, mia moja kila siku, nikabadilisha namna ya kushika diski, nikabadilisha mguu wa mbele, wiki sita nzima. Mashindano yaliyofuata nikawa wa 9. Puti ziliingia vizuri tu, ila nilikuwa naputi nikiwa tayari nimeshapoteza mitupo miwili msituni.

Ndipo nikakaa na kadi zangu za kuhesabia mitupo, za yale mashindano ya 168, nikaanza kuandika upya, shimo kwa shimo, na hapo ndo nikaona. Raundi ya kwanza, shimo la 4, nilirusha diski mtoni, nje ya mpaka, mtupo mmoja wa adhabu, na nilirusha vile kwa sababu asubuhi nilichelewa kufika na mashimo matatu ya mwanzo nilikuwa bado nahema. Raundi ya pili, shimo la 11, diski ilikuwa nyuma ya miti, njia ya salama ilikuwa kuisukuma pembeni mita 20 tu nitoke kwenye uwazi, mimi nikaona kachochoro katikati ya misonobari miwili, upana kama wa mlango, nikasema napita. Sikupita. Nikajaribu tena pale pale, sikupita tena. Mitupo miwili imekwenda na hakuna aliyeikumbuka, hata mimi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi mchana na hakuna aliyekuwa anaangalia.

Na bado sijamaliza, maana hesabu ya laiti ina upande wa pili ambao watu hawaufungui kabisa. Mashindano yale yale, raundi ya pili, diski yangu ilikuwa inaelekea kichakani ikagonga mti ikarudi katikati ya njia, safi, kama mtu ameirudisha kwa mkono. Raundi ya tatu niliingiza puti ya mita 15 ambayo nikiirudia mara kumi labda inaingia mara mbili. Hizo nilizipokea kama haki yangu, ile ya mwisho nikaiona nimedhulumiwa. Sasa ukienda kusema "kama ile puti ingeingia ningeshinda", basi sema pia "kama ule mti usingenirudisha ningekuwa wa nne". Ukiyasema yote mawili kwa sauti, kitu fulani kifuani kinalegea, nimeona kwa watu wengi sasa.

Kwa hiyo kila mchezaji wangu ana daftari, la karatasi, sio la simu, na kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto unaandika mitupo uliyoipoteza, kulia unaandika uliyopewa: mti uliokuangusha na mti uliokubeba. Kwa kila wa kushoto unaongeza sababu kwa maneno yako, ni mkono, ni uamuzi, au ni haraka, maana hizo ni dawa tatu tofauti. Usiandike usiku ule ule, usiku ule kichwa kinasema uongo bado, andika ndani ya siku mbili tatu kabla hujasahau. Na wiki hiyo ya kwanza puti usiiguse, kikapu kiache nje kinyeshewe, kwa sababu ukienda nayo ukiwa na hasira unakwenda kukarabati kitu ambacho pengine hakijaharibika.

Kuna makocha wanaosema sahau, mchezaji mzuri ana kumbukumbu fupi. Ndani ya raundi nakubali, una sekunde 30 za kurusha na hazitoshi kulia. Baada ya mashindano sikubali hata kidogo. Mtu amejinyima miezi, ameamka saa kumi na moja alfajiri kurusha kabla ya kazi, halafu unamwambia sahau? Mwache ahuzunike, ila kwanza ahakiki kadi yake na athibitishe hesabu, hili nalisisitiza, maana kadi yenye jumla isiyo sahihi inaongezewa mitupo miwili na ni pale macho yamejaa machozi ndipo watu wanakosea kujumlisha.

Huwa natumia sana mfano wa mchezaji mmoja, Paul McBeth. Fainali za dunia 2021, Ogden, Utah, anaingia shimo la mwisho akiwa mbele kwa mtupo mmoja, na mpinzani wake James Conrad yuko futi 247 kutoka kwenye kikapu, karibu mita 75, na lazima aingize kutoka hapo hapo la sivyo kwisha habari. Akaingiza. Uwanja mzima ukalipuka, wakaenda shimo la ziada, Conrad akashinda pale pale la kwanza. Sasa niambie, McBeth alitakiwa aende nyumbani akafanye mazoezi ya nini? Kwenye lile shimo hakuna alichokosea. Kama angelirudia shimo hilo moja kichwani angepata kichaa bure, jibu kama lipo lilikuwa kwenye siku na raundi zilizotangulia. Mwaka uliofuata, 2022, Emporia, Kansas, alichukua ubingwa wa dunia wa sita, na nao uliamuliwa kwa mashimo ya ziada baada ya kufungana.

Sasa nimalizie na kijana wangu mmoja, Mkenya, anasoma chuo hapa, mkono wake ni mwepesi sijawahi kuona. Mwezi wa tano alifungwa kwenye shimo la ziada, saa saba usiku akanitumia meseji: "Kocha, mimi nimeacha hii mchezo." Sikubishana naye, nikamwambia Jumanne njoo na begi, diski za kuputi ziache nyumbani, na kalamu usisahau. Tukakaa kwenye meza ya mbao pale parkini tukaandika kwa muda wa karibu saa mbili. Kushoto ikatoka mitupo sita. Yeye alikuwa ameshajiandaa kusema ni puti, lakini nilimwambia aweke namba ya shimo mbele ya kila mmoja, na alipofika wa nne akanyamaza, akaanza kurudi nyuma kwa kidole. Minne kati ya sita ilikuwa kwenye shimo linalofuata mara tu baada ya shimo aliloharibu. Anaharibu la 6, anapoteza la 7. Anaharibu la 12, anapoteza la 13.

Tukaanza kuongea anafanya nini pale katikati. Ukweli ni kwamba sheria yenyewe inampa muda, maana anayeanza kurusha kwenye shimo jipya ni aliyefanya vizuri lililopita, kwa hiyo aliyeharibu anarusha wa mwisho, na kwenye kundi la watu wanne hiyo ni mitupo ya watu watatu unasubiri. Yeye huo muda wote alikuwa amesimama pembeni ya tii, pale pa kuanzia kurusha, diski mkononi, mwili umekaza, akishaitwa anarusha ndani ya sekunde tano ili mradi ile aibu imtoke. Sasa hivi begi analiweka chini mbali na tii, anakunywa maji, anatoa taulo anafuta diski zote moja moja hata kama ni kavu, na diski ya kurushia haichagui mpaka mtu wa tatu amesharusha. Nimemtazama raundi nne za mazoezi akifanya hivyo, mabega yanashuka kweli, unayaona kabisa yakishuka. Jumamosi ijayo ana mashindano ya siku mbili na ameniomba nimbebee begi, kwa hiyo taulo nitakuwa nalo mimi.