Je, wajua kwa nini mtoto hutema chakula hata kama ana njaa?

Kijiko cha kwanza kinaingia, boga linatoka. Lote limerudi kidevuni, na ulimi bado uko nje. Unalikomba kwa ncha ya kijiko, unalirudisha mdomoni, linatoka tena. Mara ya nne mtoto anakunja pua na kutikisika mwili mzima kama aliyelambishwa limau. Basi, hapendi boga. Na kama kuna shangazi karibu, ataongeza kwamba jeuri hiyo kairithi kwa baba yake.

Huenda boga halijapata hata nafasi ya kupendwa au kuchukiwa. Mtoto huzaliwa na kinga mdomoni: kitu chochote kisicho maziwa kikigusa sehemu ya mbele ya ulimi, ulimi hukisukuma nje wenyewe, kama kope inavyofumba vumbi likikaribia jicho. Mtoto wa miezi miwili anaihitaji sana kinga hiyo, maana bado hajui kutafuna wala kumeza kitu kigumu. Kwa kawaida hufifia kati ya miezi 4 na 6. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha nyongeza kianze mtoto akitimiza miezi 6, kwa hiyo wengi wanakikuta kijiko kinga ikiwa imekwisha au inamalizikia. Lakini watoto hawafuati kalenda, na kuna ambao ulimi wao unaendelea kusukuma kwa muda baada ya hapo.

Hata kinga ikiisha, kuna ufundi wa kujifunza. Anaponyonya, ulimi huenda mbele na nyuma na maziwa hutiririka yenyewe hadi kooni. Boga halitiririki. Linataka midomo ifungwe, ulimi ulikusanye, kisha ulisogeze nyuma kidogo kidogo. Mtoto hajui mwendo huo. Anaoujua ni ule wa kunyonya, basi anautumia huo huo, na ndio unaolirudisha boga kidevuni. Yaani yule unayemwona anatema, mara nyingi yuko kazini anajaribu kula.

Hapo mkono wa mlishaji una sehemu yake. Tukiwa na haraka, wengi wetu huingiza kijiko kisha tukakiinua kwa juu, tukifutia chakula kwenye fizi. Mtoto anakuta tonge limebandikwa kwenye kaakaa naye hajafanya lolote. Jaribu hivi: kijiko kidogo kisicho na kina, chakula nusu yake tu. Kiguse mdomo wa chini, kisha ungoje afungue mwenyewe. Kilaze katikati ya ulimi, utulie. Sekunde moja, mbili. Utaona mdomo wa juu unashuka taratibu na kukifunika kijiko. Sasa kitoe moja kwa moja, bila kukiinua, na mdomo wake wenyewe ndio utakaokomba chakula. Siku za mwanzo utangoja sana. Ngoja tu.

Kinachowatia wazazi hofu zaidi ni pale mtoto anapofanya kama anataka kutapika: uso unaiva, machozi yanamlenga, ulimi nje, anakoroma. Kwa mtoto mdogo, sehemu ya ulimi inayoamsha hali hiyo iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima, na hurudi nyuma kadiri anavyokua. Ni kelele nyingi, lakini ni kinga inayofanya kazi, naye atakirudisha mbele kile kipande mwenyewe. Kukabwa na chakula ni jambo jingine, na mara nyingi ni la kimya: hawezi kulia, hawezi kukohoa, midomo inaanza kubadilika rangi. Hapo hakuna kungoja. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, huduma ya kwanza ni kumlaza kifudifudi kichwa kikiwa chini ya kifua, kumpiga mapigo 5 mgongoni kati ya mabega, na kisipotoka, kumgeuza na kumbonyeza kifuani mara 5, huku mwingine akiita msaada. Jifunze kwa mtu anayejua kabla hujaanza kulisha. Na mtoto ale akiwa ameketi wima, mbele ya macho yako. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vya karoti mbichi visimfikie kabisa.

Sasa tuje kwenye ladha, maana si kila kutema ni ulimi. Binadamu huzaliwa akiupenda utamu na kuukataa uchungu, ndiyo maana ndizi mbivu hupita bila mgogoro na mboga za majani huzua vita. Lakini ladha hufundishika, tena somo huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio ambamo baadhi ya kina mama walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito, wengine wakati wa kunyonyesha, na wengine maji tu. Watoto waliokutana na karoti mapema, tumboni au kwenye maziwa ya mama, walikunja uso mara chache zaidi walipopewa uji wenye ladha ya karoti.

Aliyekosa somo hilo hajachelewa. Dawa yake ni kurudia, na hapa ndipo wengi wetu tunapokata tamaa mapema. Tunajaribu mboga mara tatu, nne, halafu tunaifuta kwenye orodha. Katika utafiti uliochapishwa 2007, watoto wa miezi saba walipewa mboga ile ile waliyoikataa mwanzoni, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka mara ya nane. Wengi wao walifika mahali pa kuila karibu sawa na ile waliyoipenda tangu awali. Mara nane! Na si lazima iwe bakuli zima; kijiko kimoja au viwili vinatosha kuhesabika.

Ushauri wangu: usiusome uso wake, soma mdomo. Uso uliokunjwa unaweza kuwa mshangao tu wa ladha mpya. Akikunja uso kisha akafungua mdomo, anataka kingine. Akifumba mdomo, akageuza kichwa, akakipiga kijiko, amemaliza, hata kama kibakuli bado kimejaa.

Hilo la mwisho ni gumu kulikubali, hasa kwa mtu aliyesimama jikoni saa nzima. Mwaka 1928 daktari wa watoto Clara Davis, huko Marekani, alitoa ripoti ya jaribio ambamo watoto walioachishwa ziwa punde waliwekewa vyakula vya aina mbalimbali mezani, vyote vya asili visivyoongezwa sukari wala chumvi, wajichagulie. Hakuna aliyewashawishi. Mlo mmoja ulikuwa wa ajabu, uliofuata wa ajabu zaidi, lakini walikua vizuri. Kumbuka tu kwamba kila kilichokuwa pale mezani kilikuwa kizuri. Angewawekea peremende tungesimulia mengine. Kazi yako ni kuchagua kinachofika mezani na saa yake. Kiasi kinachoingia ni kazi yake yeye. Ukimbana pua ili ameze, atameza leo, na kesho ataanza kulia akikiona kijiko.

Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko tunavyodhani. Mwanzoni ni vijiko viwili vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku kati ya miezi 6 na 8, na maziwa yanaendelea kama kawaida. Mtoto aliyejaa maziwa hatagusa boga. Mwenye njaa kali naye hana subira ya kujifunza, anataka ziwa. Katikati ya hapo ndipo pa kumkalisha mezani. Ila usikate tamaa ukaacha kabisa, kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua kufikia umri huo, na maziwa peke yake hayaizibi. Nyama iliyosagwa au maharage yaliyopondwa vizuri yawe miongoni mwa vyakula vya mwanzo. Asali isubiri mpaka mwaka uishe, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto mchanga.

Anayekohoa kila anapomeza, asiyeongezeka uzito, au anayekataa kila kitu hata maziwa, huyo mpeleke akaonwe na mtaalamu wa afya.

Na boga la leo? Lililoguswa na kijiko chake litupe, maana mate yameshaingia na litaharibika haraka. Lililobaki safi kwenye chombo lifunike, uliweke kwenye jokofu. Kesho mchukulie vijiko viwili ujaribu tena. Hiyo itakuwa mara ya pili.