Sehemu ya Juu Kabisa ya Mkoa si Lazima Iwe Mlima

Sehemu ya juu kabisa ya mkoa, kaunti au kisiwa ni ile nukta moja ya ardhi ya asili, ndani ya mpaka wake, inayozidi nyingine zote ukipima kutoka usawa wa bahari. Basi. Hakuna sharti la kilele, wala la jina, wala la kwamba pawe mlimani.

Makosa huanza pale maneno hayo yanapogeuzwa kuwa "mlima mrefu kuliko yote mkoani". Mara nyingi hayaonekani, kwa sababu majibu yanalingana. Mkoa wa Kilimanjaro una Uhuru, Arusha ina Meru, Manyara ina Hanang yenye mita 3,400 na ushei. Lakini usogee mpakani uone.

Jimbo la Connecticut, Marekani, ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Kilele cha Mount Frissell kiko jimbo jirani la Massachusetts, ila ubavu wake wa kusini unaingia Connecticut. Pale mstari wa mpaka unapoukata ubavu huo, kwenye mita 725 hivi, ndipo juu kabisa ya Connecticut: mtelemko tu, na ukiendelea kupanda hatua chache umeshatoka jimboni. Kilele cha juu kilicho chote ndani ya Connecticut ni Bear Mountain, pungufu kwa karibu mita 20, na juu yake upo mnara wa mawe wa mwaka 1885 ambao maandishi yake yanadai kwamba hapo ndipo juu kabisa ya jimbo. Maandishi yamekosea. Finland nayo iko hivyohivyo: nukta yake ya juu, mita 1,324, ni bega la Halti, na kilele chenyewe kiko Norway.

Kwetu hali hiyo ipo pia, ila haisemwi. Kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru zote zinapanda Mlima Kenya. Kaunti ambayo mpaka wake haufiki kileleni, sehemu yake ya juu kabisa ni pale mstari unapoishia kwenye mteremko, hata kama hapo hapana jiwe wala kibao. Huwezi kuipa Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, kwa kuwa tu "mlima ni wa kwao". Kwenye Mlima Elgon watu huandika Koitobos, mita 4,222, kuwa ndiyo juu ya upande wa Kenya, huku Sudek, mita 4,302, imekaa juu ya mstari wa mpaka na Uganda. Nukta iliyo juu ya mstari inahesabika kwa pande zote mbili. Koitobos inapendwa kwa sababu njia ya kuifikia ni rahisi, na hiyo si sababu ya kijiografia.

Mpaka ukihama, jibu nalo linahama. Hanang haikukua hata sentimita moja mwaka 2002, ila Manyara ilipokatwa kutoka Arusha, mlima uliokuwa chini ya Meru na Loolmalasin ukawa wa kwanza mkoani.

Neno "asili" katika maana ile nalo lina kazi yake. Denmark walibishana miaka mingi. Yding Skovhøj ina mita 172.66, lakini hesabu hiyo inabeba kilima cha makaburi ya kale kilichorundikwa na watu. Ukikiondoa, mshindi ni kilima cha Møllehøj, mita 170.86, jambo lililokubaliwa rasmi mwaka 2005. Kwa hiyo minara ya simu, matangi ya maji na vifusi vya migodi havihesabiwi.

Visiwa vya mbali vinavuruga zaidi. Uholanzi ya Ulaya inaishia Vaalserberg, mita 322. Ila tangu Oktoba 2010 kisiwa cha Saba, huko Karibi, ni manispaa maalumu ya nchi hiyo, na Mount Scenery iliyopo huko ina mita 887. Australia watu hutaja Kosciuszko, mita 2,228, wakisahau Mawson Peak, mita 2,745, katika kisiwa cha Heard kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Majibu yote mawili yanafaa mradi useme unahesabu bara tu au eneo lote la nchi.

Unguja na Pemba zina ugumu wa aina nyingine: ni chini. Masingini, sehemu ya juu ya Unguja, ina takriban mita 120 tu. Hapo kosa la mita kumi linabadilisha mshindi, na kuna njia mbili za kulifanya. Ya kwanza ni ramani za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani cha Endeavour Februari 2000. Rada ile haifiki ardhini vizuri penye msitu, kwa hiyo inaongeza sehemu ya kimo cha miti. Ya pili ni simu. Programu nyingi huonyesha kimo kutoka umbo la kimahesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na katika pwani yetu tofauti ni mita ishirini na kitu. Ukiwa ufukweni inakuandikia namba hasi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Chukua ramani ya 1:50,000, tafuta kila duara la kontua (mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja) ya juu kabisa lililofungwa ndani ya mpaka, usiridhike na lile lenye jina. Kama kontua zinapishana kwa mita 20, maduara yote ya daraja hilo ni wagombea sawa. Kisha fuata mstari wa mpaka wenyewe uone kontua zipi zinaukata. Wagombea wakiwa karibu na wanaonana, simama juu ya kimoja na pimamaji ya mkononi, uangalie kama kingine kiko juu ya usawa unaoonyeshwa na pimamaji. Hiyo inaaminika kuliko GPS mbili. Ndiyo maana usemi kwamba huko kusini mwa Tanzania mlima Mtorwi, mita 2,961, unauzidi Rungwe, mita 2,960, uchukuliwe kwa tahadhari. Kilimanjaro yenyewe ilitoa 5,895 mwaka 1952 na karibu 5,891 mwaka 2008.

Na wale wanaorudi kutoka kilele cha Lenana wakisema wamefika juu kabisa ya Kenya: mmepanda Mlima Kenya, hilo halina ubishi. Juu kabisa ni Batian, mita 214 zaidi, na huko hapapandwi bila kamba.