Bakteria wa mapafu hawashiki tu, wanavaa protini zetu

Watu wengi wanadhani ukivuta hewa yenye bakteria basi unaumwa hapo hapo, lakini njia ya hewa ikiwa nzima ni ngumu kweli kukaliwa. Kuna ute unaowanasa, kuna vinyweleo vidogo mno juu ya seli vinavyosukuma huo ute kwenda kooni muda wote na tunaumeza bila hata kujua, kwa hiyo bakteria asiyepata pa kushika anaondoka nao. Ndo maana kwenye kazi yangu swali la kwanza sio huyu ana sumu gani, ni anashika nini.

Chini ya zile seli za juu kuna laminini, kolajeni, fibronektini, yaani protini zinazoshikilia tishu yetu, na kwa kawaida zimefunikwa. Virusi vya influenza vikipita vinaua seli za juu, moshi wa sigara nao unaharibu taratibu, protini zinabaki wazi. Vifo vingi vya janga la influenza la 1918 vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya virusi, na tishu za mapafu zilizohifadhiwa toka enzi hizo zilivyochunguzwa upya, matokeo yakatoka 2008, zikaonyesha hivyo hivyo.

Ila kushika ni mwanzo tu, kinachonivutia mimi ni vitronektini, protini yetu nyingine. Damu yetu ina komplementi, kundi la protini zinazojipanga na kumtoboa bakteria matundu hadi afe, na vitronektini ni kama breki inayozuia seli zetu wenyewe zisitobolewe. Sasa bakteria Haemophilus influenzae (jina tu, sio kile kirusi cha influenza) anaidaka kwa protini ya juu yake iitwayo Protini E, na bakteria mwingine, Moraxella catarrhalis, kwa yake iitwayo UspA2, wanajifunika nayo na komplementi inashindwa kumaliza kazi. Maabara ukimwondolea Moraxella jeni ya UspA2 halafu umtie kwenye seramu ya binadamu, yaani majimaji ya damu yenye komplementi, anakufa kirahisi, tofauti kabisa na mwenzake aliye nayo.

Streptococcus pneumoniae, bakteria maarufu wa nimonia, ana ukuta mnene, yale matundu hayamsumbui sana, yeye anadaka plasminojeni. Hii mwili unaitumia kuyeyusha damu iliyoganda, na moja ya vitu anavyoidakia ni enolasi, kimeng'enya kile kile cha kuvunja glukosi ambacho kwake kinakaa mpaka nje, juu ya ukuta wake. Vimeng'enya vyetu vikiiamsha inakuwa plasmini, na hapo bakteria anatembea na kisu chetu mgongoni anakata tishu anaingia ndani.

Wazo la kuziba mshiko kwa chanjo lipo na lilishajaribiwa, chanjo yenye Protini E na UspA2 ndani yake ilipewa wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, majibu yakachapishwa 2022 na haikupunguza vipindi vya kuzidiwa. Iliniuma, nakiri, ila haikunishangaza, kwa sababu bakteria mmoja ana mishiko kadhaa na mingine anaiwasha na kuizima, UspA1 ya Moraxella kwa mfano, halafu mapafu ya wale wagonjwa yalishachubuka miaka mingi na mara nyingi bakteria wameshajikita humo. Kwangu mimi jaribio lenye maana zaidi ni kwa watu ambao tishu zao bado zimefunikwa, kabla mshiko wa kwanza haujatokea, na lilenge protini kadhaa kwa pamoja.