Filta ya Samaki Haitakiwi Kung'aa

Nikiitwa kwenye nyumba ambako samaki wanakufa mmoja mmoja, swali langu la kwanza halihusu ugonjwa. Nauliza: filta ilisafishwa lini, na kwa maji gani? Jibu ninalolisikia zaidi ni hili: "Juzi tu, fundi. Tena niliisugua ikarudi rangi yake ya dukani." Nikishasikia rangi ya dukani, natoa kipimo cha amonia kabla hata sijainamia tangi.

Kazi yangu ni kuhudumia matangi ya samaki majumbani na maofisini hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi wanafuga samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wachache goldifishi. Matangi yanatofautiana, lakini kosa la kwenye filta ni lile lile.

Filta ina kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Wanajua kwamba inanasa takataka. Kazi ya pili, ambayo ndiyo inayowaweka samaki hai, ni kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu, saa zote, sehemu kubwa kupitia matamvua anayopumulia, na chakula kinachooza chini kinaongeza nyingine. Bakteria wa kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, wanaigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Kwa miaka mingi vitabu viliwapa Nitrobacter sifa ya hatua hiyo ya pili. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi wanaofanya kazi hiyo ni Nitrospira. Mwaka 2015 wakatangazwa Nitrospira wanaomaliza hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wamejishika kwenye sponji, kwenye pete za kauri, kwenye vijiwe, ndani ya utando mwembamba unaoteleza kidogo ukiupapasa. Na ni wavivu wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata mazingira mazuri, anajigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa filta wanahitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya linachukua wiki nne mpaka sita kutulia, na ndiyo maana ukiwaua wote Jumamosi asubuhi, Jumatatu hawatakuwa wamerudi.

Sasa usafishaji wenyewe. Kabla ya kugusa filta, nyonya maji ya tangi kwa mpira, jaza ndoo moja au mbili. Zima umeme. Fungua filta, toa sponji, izamishe kwenye ndoo hiyo na uikamue taratibu, mara tano, sita. Maji yatageuka rangi ya kahawa. Badilisha ndoo, kamua tena kidogo, basi. Sponji itabaki ya kahawia, na inatakiwa ibaki hivyo. Unachopima ni kama maji yanapita: inyanyue sponji iliyojaa maji, na kama yanamwagika kwa urahisi bila kutuama juu yake, umemaliza. Wengine wanaogopa kwamba kukamua kutawang'oa bakteria. Utando umeshika vizuri. Kinachotoka ni tope lililoziba vitundu, na lile tope lenyewe linawanyima bakteria hewa. Kwa hiyo kutosafisha kabisa nako si uchamungu.

Pete za kauri na vijiwe hazikamuliwi. Zitikise tu kwenye ndoo ile ile mpaka tope lidondoke, uzirudishe. Hapa kwetu si lazima ununue za bei mbaya. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ya kutoka upande wa Arusha na Kilimanjaro, yanafanya kazi vizuri ukiyaosha vumbi lake kabla ya kuyatumia mara ya kwanza. Kinachohitaji maji ya bomba ni pampu, mipira na kopo la filta. Vitu hivyo sugua utakavyo, halafu suuza. Sabuni usiisogeze hata huko, maana mabaki yake yanadhuru matamvua.

Kwa nini maji ya tangi na si ya bomba? Kwa sababu ya klorini. Imewekwa kwenye maji ya mjini makusudi iue vijidudu, na haijui kwamba hivi vya kwako unavitaka. Kusuuza sponji chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu ni kuwamwagia dawa ya kuulia hadi ndani kabisa. Kama ndoo ya maji ya tangi haikutoshi, tumia maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Dawa nyingi za dukani ni sodiamu thaiosalfeti tu. Kuyaacha maji wazi usiku kucha kunasaidia kama yametiwa klorini ya kawaida. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza maji hakutoshi. Maji ya kisima kwa kawaida hayana klorini, lakini ukanda wa pwani mengine yana chumvi, kwa hiyo yaonje na uyapime kwanza.

Hapa wafugaji wa samaki wa Tanganyika nawaomba wasome mara mbili. Amonia majini ina sura mbili: moja kali, nyingine haina makali sana, na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ndiyo inayoamua ipi itawale. Maji yakiwa nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu kali ni kama asilimia 0.6 tu. Kwenye pH 8 inapanda hadi kama asilimia 5. Kwenye pH 9, karibu asilimia 36. Ziwa Tanganyika lenyewe lina pH kati ya 8.6 na 9.2, na mfugaji makini anajitahidi kuifuata. Maana yake, kosa la filta ambalo goldifishi kwenye maji ya pH 7 angelivumilia kwa kuhema kidogo, samaki wako wa Tanganyika aina ya Tropheus, wa Kigoma, watakufa nalo.

Nisafishe mara ngapi? Kalenda siipendi. Angalia mkondo unaotoka kwenye filta. Ukipungua wazi wazi, wakati umefika. Sponji ya mbele inaziba haraka zaidi, hasa kama unalisha kwa mkono mkubwa. Pete za kauri zinaweza kukaa miezi mingi. Jambo moja nalishikilia: usisafishe vyote siku moja. Leo sponji, wiki mbili zijazo pete. Na siku ya kusafisha filta usiongeze samaki wapya, wala usichokore changarawe ya chini yote.

Yale maelezo ya kwenye boksi yanayokuambia utupe sponji kila mwezi na ununue nyingine, kwangu ni biashara. Sponji nzuri inakaa miaka. Ikianza kulegea na kumeguka, weka mpya pembeni ya ile kuukuu, ziache zikae pamoja mwezi mmoja au zaidi, ndipo utoe ya zamani. Kaboni, yale makaa ya kusafishia maji ndani ya filta, ni habari nyingine; hiyo inachoka kweli na inabadilishwa.

Tuje kwenye umeme. Bakteria hawa wanavuta oksijeni kwa wingi, na filta ya kopo iliyofungwa haina akiba. Umeme ukikatika, wanaimaliza iliyomo ndani na kuanza kufa. Ukikaa saa kadhaa umekatika, fungua kopo, mwaga maji yaliyotuama, na ziweke pete kwenye beseni pana, zikiwa zimeloa lakini zinapata hewa, kitambaa kibichi juu. Zisikauke. Kosa baya zaidi ni kutoka kazini jioni, kukuta umeme umerudi wenyewe na filta imesukuma yale maji yaliyooza moja kwa moja kwa samaki. Filta yenye afya inanuka udongo uliolowa mvua. Ukifungua ukapata harufu ya yai viza, maji hayo yasirudi kwenye tangi hata tone. Ndiyo maana kila mteja wangu ninamshauri awe na pampu ndogo ya hewa ya betri na filta ya sponji ya bei rahisi kwenye kona ya tangi. Haipendezi machoni, najua. Wake wa wenye nyumba wameshanilalamikia sana.

Kama umeshaharibu tayari, fanya hivi. Acha kulisha siku mbili tatu; samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa hilo. Badilisha theluthi ya maji kila siku, maji yasiyo na klorini na yenye joto lile lile. Ongeza hewa. Pima amonia na nitriti asubuhi na jioni. Ukiona samaki wanatweta karibu na uso wa maji ilhali amonia iko chini, shuku nitriti, ambayo inaizuia damu isibebe oksijeni. Hapo chumvi inaokoa: gramu moja kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza pembeni, kwa sababu kloraidi inaizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Kama una mimea au kambare wadogo, punguza na uwe mwangalifu.

Dawa ya haraka kuliko zote ni kuomba sponji chafu kwa rafiki mwenye tangi lililokomaa. Ibebe ikiwa imeloa kwenye mfuko wenye hewa nyingi na maji kidogo, iingize kwenye filta yako siku hiyo hiyo. Ila muulize kwanza kama ameingiza samaki wapya au kutibu ugonjwa miezi miwili iliyopita. Akisitasita, mshukuru, nenda kwa mwingine.